Mchakamchaka wa Mtu Mzima

Kama ulisoma shule ya msingi Tanzania miaka ya themanini, filimbi ile bado unaisikia. Alfajiri, umande majanini, kiranja mbele, sisi nyuma yake mistari miwili, wengi peku, tukizunguka kijiji mchakamchaka kwa wimbo wa kuitikiana. Hakuna aliyeulizwa kama ana hamu. Kulikuwa na kuwahi na kuchelewa tu, na kuchelewa kulikuwa na fimbo yake. Walikimbia wenye mbio na wasio na mbio, na aliyebaki nyuma alisubiriwa kwenye kona. Wala hatukujua kwamba tunafanya mazoezi. Tulijua tunaenda shule.

Miaka thelathini baadaye nilikuwa karani wa stoo Kariakoo, nakaa Tabata. Asubuhi daladala, mchana kiti, jioni daladala. Siku moja niliinama kutafuta raba uvunguni mwa kitanda, pumzi ikakata. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kuhusu kitambi hawakusema lolote. Nikapandwa na hasira, nikaenda kulipia jimu ya karibu na kazini miezi mitatu kwa mkupuo. Nilihudhuria mara tisa. Baadaye niligawanya ile hela kwa tisa, na mpaka leo sijamwambia mke wangu jibu lililotoka.

Ari nilikuwa nayo, tena ya kumwaga, siku ile ninalipa. Filimbi ndiyo sikuwa nayo. Mtu mzima hana kiranja, hana mstari wa kujipanga, hana wa kumsubiri kwenye kona, na hayo matatu ndiyo yaliyokuwa yanatukimbiza, si miguu yetu. Kwa hiyo mwongozo huu hautakupa zoezi la ajabu. Utakuonyesha jinsi ya kujitengenezea mchakamchaka wako, ukiwa na umri ulio nao, kazi uliyo nayo na mtaa unaokaa.

Tafuta filimbi kabla ya kutafuta zoezi

Wengi huanza kwa kuuliza: nikimbie, niruke kamba, au niende jimu? Swali hilo liweke pembeni kwanza. Jiulize saa ngapi na wapi. Mwaka 1999 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, alichapisha makala iliyokusanya matokeo ya majaribio mengi kuhusu jambo hili: anayejipangia kwamba kikitokea kitu fulani, mahali fulani, hapo hapo atafanya jambo fulani, hutekeleza zaidi kuliko mwenye nia njema peke yake. Nia njema hukaa kichwani, na kichwa kina mambo mengi. Mpango wa namna hiyo hukaa kwenye kitu kilicho nje yako, na kikitokea kinakushika mkono.

Chagua basi kitu ambacho tayari kinatokea kila siku bila juhudi yako. Mimi ni Mkristo, lakini filimbi yangu ni adhana ya alfajiri ya msikiti wa mtaani kwetu. Muadhini akimaliza, miguu yangu iko sakafuni. Dada mmoja ninayefanya naye kazi, filimbi yake ni basi la shule: likishampakia mtoto, harudi ndani, anaunganisha kutembea. Jirani yangu bodaboda ameshindwa kabisa na alfajiri, kwa hiyo anapiga tizi saa nne asubuhi abiria wakipungua, hapo hapo kijiweni, anasukumana na ukuta wa duka huku wenzake wanamtania. Hakuna saa iliyo bora kuliko nyingine kwa mwili wako kiasi cha kukuhangaisha. Saa bora ni ile ambayo haigombaniwi na mtu. Kwa Dar es Salaam na miji yote ya pwani naongeza sababu ya jua: kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu alfajiri hewa inavumilika, na ikifika saa mbili unakuwa unaoga jasho hata ukiwa umesimama.

Kisha punguza kila kinachohitaji uamuzi asubuhi. Nguo ziwe zimekunjwa juu ya kiti tangu jana usiku. Raba ziwe mlangoni, si uvunguni. Ufunguo wa geti ujulikane ulipo. Unaweza kuona haya ni mambo ya kitoto, lakini alfajiri akili inatafuta kisingizio kama mbuzi anayetafuta upenyo kwenye ua, na soksi moja iliyopotea ni upenyo wa kutosha.

Na njia iwe ile ile. Mtaani kwetu kuna mwembe mkubwa mbele ya genge la mkaa, dakika tano kwa mguu kutoka nyumbani. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naenda hadi kwenye ule mwembe, nageuka, narudi. Kutembea tu. Dakika kumi, basi. Mke wangu alicheka, akaniuliza kama nimesahau kitu huko. Lakini siri ya dakika kumi ni kwamba hata siku mbaya kuliko zote, ya usingizi wa saa nne na mgao wa umeme, dakika kumi hazikushindi. Zoezi la kuanzia lipime kwa siku yako mbovu, usilipime kwa siku ile ya hasira unapolipia jimu.

Siku 21 walizokudanganya

Utaambiwa kwamba ukifanya jambo siku 21 mfululizo linakuwa tabia. Chanzo cha maneno hayo kinajulikana. Maxwell Maltz, daktari wa New York aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika katika kitabu chake Psycho-Cybernetics cha mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya kwenye kioo. Yeye alizungumzia kuzoea pua. Watu wakaondoa neno angalau, wakaondoa na pua, wakabaki na siku 21, na sasa zinauzwa kwenye kila semina ya mafanikio.

Waliokuja kupima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki kumi na mbili, kila mmoja amejichagulia jambo dogo la kufanya kila siku, mwingine kunywa glasi ya maji, mwingine kutembea au kukimbia kidogo. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi jambo lile likaanza kujiendesha lenyewe. Wa haraka alihitaji 18, na kwa wa polepole makadirio yalifika 254. Mazoezi yalichelewa kuzoeleka kuliko glasi ya maji. Na jambo lililonifariji zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu mwendo.

Chukua hesabu hiyo uitumie. Ukianza mwezi Januari, usijihukumu kabla ya mwezi Machi kwisha. Wiki ya tatu na ya nne ndizo ngumu kuliko zote, maana upya umekwisha na tabia haijaja. Uko katikati ya mto, hakuna ukingo wa karibu upande wowote. Mimi wiki ya nne niliapa mara mbili kwamba naacha. Kilichonirudisha ni daftari la kurasa 32 ninamoandika tarehe na dakika, hakuna kingine. Eliud Kipchoge, yule Mkenya aliyekimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, anajulikana kwa kuweka kumbukumbu za mazoezi yake kwenye madaftari kwa miaka mingi. Kama yeye anahitaji daftari, mimi na wewe ni nani?

Anza kama unakwenda kwa mkwe

Kosa la pili kwa ukubwa, baada ya kusubiri hamu, ni kasi. Mtu ametoka kwenye kiti cha miaka kumi, siku ya kwanza anakimbia kama amemwona mwizi wa kuku, siku ya pili hawezi kushuka ngazi, siku ya tatu anasema mazoezi si ya watu wa ukoo wetu.

Nenda Iten au Kaptagat kule Bonde la Ufa Kenya, uwaangalie wanariadha wanavyotoka asubuhi. Wageni hushangaa: mabingwa wa dunia wanaanza kwa mwendo wa kujivuta, kundi zima linapiga soga, vumbi halijainuka. Kasi ina siku zake katika wiki, na zilizobaki ni za polepole. Wewe ambaye huna medali ya kutetea unaharakia nini?

Kipimo ni mdomo wako. Ukiwa unaweza kumsimulia mwenzako kisa lakini huwezi kuimba wimbo mzima, hapo ndipo. Ukiwa huwezi hata kumjibu anayekusalimia, punguza. Ninachopendekeza baada ya zile wiki mbili za kutembea ni kukimbia dakika moja, kutembea dakika mbili, unarudia mara saba au nane. Baada ya wiki mbili nyingine kimbia dakika mbili, tembea mbili. Usipandishe kila unapojisikia vizuri. Pumzi na moyo huimarika haraka, ndani ya wiki chache tu, lakini kano na mifupa hujengeka taratibu sana. Kwa hiyo kuna kipindi kifua kinakwambia twende na goti bado halijajiandaa. Wanaoumia wengi huumia hapo, wakati ambapo wanajisikia wazima kuliko siku zote.

Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na keshokutwa ni ya kawaida, yanapita yenyewe. Maumivu makali ya kiungo kimoja, au ya kifua, au kizunguzungu, si ya kuvumilia kiume. Simama. Na kama una presha, kisukari, au umri umeshasogea na hujapima miaka mingi, pitia kituo cha afya kabla hujaanza kukimbia. Kutembea hadi kwenye mwembe huna haja ya kumwomba mtu ruhusa.

Konda na dereva

Watu huuliza kama juhudi ndogo namna hii ina faida yoyote. Jibu ninalolipenda linatoka kwenye basi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja wa London, Jerry Morris, alikuwa akitafuta sababu ya ugonjwa wa moyo kuwashambulia watu wengi ghafla. Akawatazama wafanyakazi wa usafiri wa umma wa jiji lile. Mabasi yao yalikuwa ya ghorofa. Dereva anakaa siku nzima, konda anapanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Kazi moja, basi moja, moshi mmoja. Matokeo yaliyotoka mwaka 1953 yalionyesha kwamba makonda walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na waliopatwa walipatwa wakiwa na umri mkubwa zaidi. Hakuna konda aliyekwenda jimu. Walikuwa wanadai nauli tu.

Sisi waswahili tumeshamaliza utafiti huo kwa jina: konda! Lakini hapa ndipo utani unapokosea, na Morris mwenyewe aliona hivyo. Alipochunguza vipimo vya sare, akakuta madereva walikuwa na viuno vinene tangu siku walipoajiriwa. Mtu angeweza kusema basi, tofauti ni unene tu. Akalinganisha wanene kwa wanene na wembamba kwa wembamba, na bado makonda walikufa ghafla kwa moyo kidogo kuliko madereva. Konda mnene alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene. Kilichowalinda ni zile ngazi.

Morris alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kwa hiyo nje ya dakika zako za alfajiri, jifanye konda. Shuka daladala au mwendokasi kituo kimoja kabla. Ofisi ikiwa ghorofa ya tatu, lifti waachie wagonjwa na wenye mizigo. Simu ikiita, ongea ukitembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani nusu saa kwa siku tano, au dakika 75 za mwendo mkali, na siku mbili za kazi ya misuli. Zamani walikuwa wanasema kila kipande kiwe si chini ya dakika kumi ndipo kihesabiwe. Sharti hilo wameliondoa. Ngazi za dakika mbili zinaingia kwenye daftari. Zile hatua elfu kumi zinazosumbua kwenye simu, kwa upande mwingine, hazikuanzia hospitali: zilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilikuwa na maana ya hatua elfu kumi. Ukifika elfu sita na jana ulifika elfu tatu, usione kwamba umeshindwa.

Zile siku mbili za misuli zifanyie uani. Dumu la lita tano likijaa maji ni kilo tano na kidogo; una mawili, una vyuma. Kaa na kuinuka kwenye stuli mara kumi bila kushika kitu. Piga pushapu za ukutani, kisha za kwenye meza, na za chini zitakuja zenyewe. Ndoo ya lita ishirini ibebe kutoka bombani mara mbili, mkono huu na ule, mgongo umenyooka. Mama zetu walifanya hivyo maisha yao yote bila kulipia, na ndiyo maana bibi wa miaka sabini kijijini anachutama na kuinuka bila kushika ukuta, wakati mjukuu wake wa Sinza anaguna.

“Mbona umekwisha hivyo?”

Sasa nije kwenye jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya haiwezi kukusaidia. Kule mtu akipungua kilo sita anapongezwa. Huku anapewa pole.

Mwezi wa nne nilikutana na shemeji yangu kwenye msiba Ubungo. Akanitazama juu hadi chini. “Baba Neema, mbona umekwisha hivyo? Unaumwa?” Nikamwambia nakimbia. Akaitikia kwa upole ule wa mtu anayejua kwamba mgonjwa hapendi kusema. Jioni yake mama yangu akapiga simu kutoka Morogoro kuuliza kama kuna tatizo kazini, na kesho yake dada yake mke wangu akamuuliza kwa siri kama nimepima. Mtu mmoja alikuwa ameniona siku moja, mikoa miwili ikawa na wasiwasi.

Usiwalaumu. Kizazi kile kina kumbukumbu zake. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, kukonda kulikuwa habari mbaya, na watu waliwazika wapendwa wao wakiwa wameona dalili ikianzia hapo. Kabla ya hapo kulikuwa na njaa, na kabla ya njaa kulikuwa na jembe. Kitambi kwao ni risiti: mtu amekula, ana kazi, mkewe anamtunza. Ukimwambia shangazi unataka kukiondoa, umemwambia unataka kuchoma risiti.

Namna nilivyotoka ni kubadilisha maneno. Niliacha kabisa kusema napunguza mwili. Nasema natafuta pumzi. Hakuna shangazi duniani anayepinga pumzi. Na katika kubadilisha maneno kwa ajili yao, nilijikuta nimejibadilisha mwenyewe: niliacha kupanda mzani kila Jumapili, nikaanza kupima mambo mengine. Nafika kwenye mwembe kwa dakika ngapi? Napanda ngazi za stoo nikiwa na boksi bila kusimama? Ninacheza na mtoto mpira nusu saa? Mzani unapanda na kushuka kwa chumvi ya jana na maji ya leo, na mtu anayeuamini anaacha mazoezi wiki ambayo mwili wake umeimarika kuliko wiki zote. Konda mnene wa London angekuwa na mzani, angekata tamaa bure.

Kwa kina mama mzigo huu ni mzito mara mbili, maana wanapigwa na maneno ya mwili na maneno ya barabara. Mwanamke akikimbia alfajiri peke yake anaitwa majina, na giza nalo lina hatari yake. Sina dawa ya midomo ya watu. Ninachoona kikifanya kazi ni kwenda wawili au watatu, kusubiri kupambazuke, kuvaa kile kinachokupa amani, iwe suruali au dera pana lenye taiti ndani, na siku ambazo nje hapafai, kuruka kamba uani au kucheza muziki sebuleni mpaka jasho litoke. Dakika ishirini za singeli ni kazi ngumu kuliko mbio zangu, nimejaribu.

Chakula sitakimaliza hapa. Nitasema mawili. La kwanza, mbio hazifuti sahani ya zege, yaani chipsi mayai; ukikimbia ili ule utashindwa hesabu. La pili, anza na vinywaji, ndipo penye urahisi: soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, na hakuna mtu angekuwekea vijiko tisa kwenye kikombe ukanyamaza. Ugali ubaki, ila mboga za majani na maharage viongezwe, mlima wa ugali upungue kidogo. Usitangaze nyumbani kwamba unakula chakula maalumu. Mke au mume atakuchukia, na atakuwa na haki.

Wa kukusubiri kwenye kona

Ukipita Temeke, Mbagala au Kigamboni asubuhi ya Jumamosi au Jumapili utakutana nao: watu hamsini au mia, fulana za rangi moja, kiongozi anaimbisha, wengine wanaitikia, barabara nzima ni yao. Klabu za jogingi za Dar es Salaam ni mchakamchaka uliokua ukaoa. Kuna vijana, kuna bibi wa miaka sitini, kuna mwenye kitambi anayekokotwa kwa wimbo. Nyingi zina kamati, zina michango ya misiba, na wanachama wanatembeleana kama vikundi vya kufa na kuzikana. Ndiyo sababu klabu hizo zinadumu: ukikosa Jumamosi mbili, mtu anakuja nyumbani kuuliza, na si kuhusu mazoezi, ni kuhusu wewe.

Jiunge ukiweza. Ukiwa mkimya kama mimi, tafuta mmoja tu. Mimi nina mzee wa miaka sitini na tatu, mstaafu, aliyekuwa JKT enzi zake. Hatuna urafiki mwingine wowote. Sijui timu anayoshangilia. Ninajua tu kwamba saa kumi na moja na dakika arobaini anakuwa amesimama kwenye ule mwembe na tochi yake, na nisipotokea atasubiri dakika tatu gizani kabla hajaondoka. Dakika tatu hizo zimenitoa kitandani mara nyingi kuliko semina zote nilizowahi kukaa.

Mwenzako awe wa kasi yako au chini kidogo. Ukimchagua bingwa atakuumiza au atakuchoka.

Utakapokatika

Utakatika, jiandae kwa hilo tangu leo. Masika yatakuja, mtaa utageuka mto. Utaugua malaria. Utasafiri kwenda kuzika, ukae siku sita. Kama unafunga Ramadhani, ratiba yote itapinduka. Wanaoweza husogeza matembezi mepesi karibu na kufuturu, ili wakimaliza maji yawe mezani, au baada ya tarawehe, na wanaacha mbio mpaka Idi. Hakuna dhambi. Mwili hausahau haraka hivyo, na ulichojenga kwa miezi hakibomoki kwa wiki.

Kinachobomoka ni kichwa. Siku sita zinakuwa kumi, unaona aibu kwa mzee wa kwenye mwembe, unabadilisha njia ya kwenda dukani usikutane naye. Namjua mtu aliyeacha mazoezi mwaka mzima kwa aibu ya wiki moja. Mtu huyo ni mimi, mara ya kwanza.

Kila anayetoa hotuba ya kutia moyo Tanzania humtaja John Stephen Akhwari: Mexico City, Oktoba 1968, ameanguka, goti limetenguka, amefungwa bandeji, anaingia uwanjani wa mwisho giza likiwa limeingia, anamaliza. Namheshimu sana, lakini kisa hicho kinatumiwa vibaya. Tunakitumia kuambiana kwamba mtu avumilie hata akiumia, na wewe na goti lako la ofisini usijaribu hivyo. Sehemu ambayo haisimuliwi ni ya miaka miwili baadaye. Mwaka 1970 Akhwari alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akakimbia tena maratoni, akamaliza wa tano. Kati ya Mexico na Edinburgh kuna asubuhi mamia kadhaa ambazo hakukuwa na kamera, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kwanza kabisa baada ya goti kupona. Hiyo ndiyo ningependa kuiona.

Kanuni yangu ni moja: sikosi mara mbili mfululizo kwa hiari yangu. Mvua, homa na msiba si hiari. Uvivu ni hiari. Siku moja naupa, ya pili siupi. Na siku ya kurudi baada ya mapumziko marefu, siendelei pale nilipoachia. Kwenye daftari naandika tarehe, sielezi sababu, silipizi dakika zilizopotea. Ukitoka kwenye malaria fanya hivyo hivyo: subiri homa iishe kabisa na hamu ya chakula irudi, kisha toka na raba zako na chupa ya maji, tembea, usikimbie, hata kama miguu inataka. Ukikuta wa kukusubiri bado yupo, msalimie, atakuuliza hali. Ukifika kwenye mwembe, geuka.